Magongo si mzigo: kusafiri wakati wa vakansi katika Ituri ukiwa na ulemavu

Mwezi wa saba ukiingia, masomo inafungwa na parkingi za Bunia zinajaa watu. Mmoja anapeleka watoto kwa tate yao Mahagi. Mwingine anashuka Kasenyi kupumzika pembeni ya ziwa na kula samaki. Mwingine tena anavuka Uganda kuona ndugu waliokimbia vita na hawajarudia. Njo wakati wa ndoa, wa mahari, na wa matanga yaliyongojea watu wote wakusanyike. Lakini kwa kila familia kuna mtu ambaye anaambiwa: “Wewe bakia tu, njia ni mbaya.” Mara nyingi ni yule anayetembea na magongo, na kinga ya magurudumu matatu, na kiti cha magurudumu, na mguu wa bandia ao na fimbo nyeupe.

Njia ni mbaya kweli, hakuna wa kukataa. Hata hivyo wenye kuishi na ulemavu wanakutana na kizuizi kingine mbele hata ya kufika kwenye matope. Kwa parkingi, kwa barieri, na wakati mwingine ndani ya familia yenyewe, kifaa chao kinahesabiwa kama mzigo. Kinalipishwa, kinafungwa juu ya gari chini ya magunia, ao kinaachwa nyuma kifuate kesho. Kumbe kifaa hicho njo mguu wa mtu. Hakuna shofa anayeweza kumwambia abiria mzima kwamba miguu yake itafika na gari ya kesho.

Tuangalie basi sheria inasema nini, sababu gani haifiki kwa parkingi, na namna gani mtu anaweza kujipanga asafiri vizuri na kurudi salama.

Sheria iko, lakini nani anaisoma kwa parkingi?

Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee kufatana na mahitaji yao. Kunako mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 9 cha mapatano hayo kinataja usafiri waziwazi. Kifungu cha 20 kinazungumzia mtu kutembea yeye mwenyewe, kwa namna anayochagua, kwa saa anayochagua, na kwa bei anayoweza kulipa. Kifungu cha 11 kinatuhusu sana sisi wa Ituri, maana kinadai serkali ilinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na wakati wa misiba mikubwa.

Kisha ikakuja sheria ya inchi yenyewe. Ni sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, juu ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye kuishi na ulemavu. Wakati ilipotiwa sahihi, Ituri ilikuwa karibu mwaka mzima chini ya utawala wa kijeshi, ulioanza tarehe 6 Mei 2021. Karatasi mpya ya haki ilikuta jimbo ambamo mambo ya kila siku ya njiani yanaamuliwa na saa za usalama, na barieri, na habari za asubuhi kutoka barabara ya Komanda ao ya Mahagi.

Hapo njo penye shida. Sheria haisomwi na yule anayepanga mizigo juu ya gari. Yeye anaangalia nafasi. Kinga ya magurudumu matatu inakula nafasi ya magunia mawili ao matatu ya maharagi, na kwa hesabu yake kila nafasi ina bei. Tusimuite mtu mbaya kwa sababu hiyo. Hakuna mtu aliyekaa naye hata mara moja, yeye na shirika lake, wakapatana kwamba kifaa cha mlemavu kinasafiri bure na kinashuka wa kwanza.

Tunajua kwamba mapatano ya namna hiyo yanawezekana, maana inchi yetu yenyewe imeyaona. Kwa miaka mingi, kati ya Kinshasa na Brazzaville, wafanya biashara wenye ulemavu walivuka mto na kinga zao za mikono huku wakipunguziwa nauli ya boti na kulegezewa ushuru. Goma nako, kwa mpaka wa Gisenyi, kinga hizo zilijulikana kwa kubebesha bidhaa za wafanya biashara wengi. Kwa pande zote mbili, kifaa ambacho kwingine kinahesabiwa kuwa mzigo kikawa sababu ya kumheshimu mwenye nacho. Watu hao hawakuanza na sheria. Walianza kwa kujiunga katika mashirika, wakasema kwa sauti moja, mpaka wenye boti na watu wa mpaka wakazoea. Mtu mmoja akibishana peke yake kwa parkingi saa kumi na mbili za asubuhi, anashindwa. Shirika likienda kuongea na wakubwa wa shirika la mashofa ACCO na wa taxi-moto mbele ya vakansi kuanza, mambo yanaweza kugeuka.

Juma moja mbele ya safari

Angalia kifaa chako kabla ya kuangalia bei ya gari. Magongo yana mipira kwa chini. Ikiisha, chuma kinateleza kwa simenti na kinazama kwa matope. Nunua mipira mipya na ubebe mingine ya akiba, maana huko kijijini unaweza kukosa. Skuru zote zikazwe. Kipimo cha gongo la kwapani ni hiki: ukisimama wima, kati ya kwapa na juu ya gongo lazima vidole viwili ao vitatu vipite, na mahali pa kushika pawe sawa na kifundo cha mkono. Uzito unabebwa na mikono. Anayeegemea kwapa kwa safari ndefu atasikia mikono inakufa ganzi, na ganzi hiyo inaweza kukaa siku nyingi.

Mwenye kinga ya magurudumu matatu apime freni zaidi ya yote. Bunia iko kwa kilima, zaidi ya mita 1 200 juu ya bahari, na Ziwa Albert liko chini, karibu nusu ya urefu huo. Njia ya Bogoro mpaka Kasenyi inashuka ule mteremko wote. Freni inayotosha kwa mtaa wa Bunia haitoshi kwa mteremko huo. Usishuke juu ya kinga yako. Panda gari, kinga iende nayo. Beba chamburele moja ya akiba, viraka na gundi, pompi, na ufunguo unaofungua nati za magurudumu.

Mwenye mguu wa bandia ajue kwamba joto na kukaa saa nyingi vinavimbisha kisiki. Mguu uliotosha asubuhi unaweza kubana jioni. Beba soksi za kisiki zaidi ya moja, ubadilishe zikilowana jasho. Kila jioni osha kisiki na sabuni, kausha vizuri, kisha angalia ngozi, hata kwa kioo kidogo. Pakiwa pekundu na wekundu hauishi baada ya kupumzika, usivae mguu siku inayofuata. Ndiyo maana hata mwenye mguu wa bandia anapaswa kusafiri na gongo. Mguu ukikataa, gongo litamfikisha.

Kwa moto na kwa gari

Moto njo usafiri wetu wa kila siku, na njo unaoumiza wengi. Moto nyingi za kwetu zina eshapoma kwa upande wa kuume. Panda na ushuke kwa upande wa kushoto. Mtu asiyesikia maumivu kwa miguu anaweza kuungua na asijue mpaka usiku, na mguu wa bandia wa plastiki unaweza kuyeyuka. Funika miguu na suruali nzito ao kitambaa, na mwambie motari aangalie miguu yako iko wapi.

Magongo yafungwe kwa urefu wa moto na mipira miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Usiyashike kwa kupingamisha njia, maana yatagonga mtu ao moto nyingine. Kama miguu yako haina nguvu ya kubana kiti, usikubali kubebwa peke yako kwa mwendo mrefu. Mtu akae nyuma yako akushike. Ni hatari pia kuwa watatu kwa moto, kwa hiyo njia ikiwa ndefu, ni bora kuungana wawili watatu na kulipa gari.

Kwa gari, patana mambo manne mbele ya kutoa makuta: utakaa wapi, kifaa kitakaa wapi, mtasimama mara ngapi, na nani atakusaidia kushuka. Omba kiti cha karibu na mlango. Magongo yabakie ndani karibu na wewe. Kinga ao kiti kikienda juu, kiwe cha mwisho kupakiwa, ili kiwe cha kwanza kushushwa. Toa kwanza mto wa kukalia na sehemu za kukanyagia, ubakie nazo ndani, maana njo vinavyopotea na kuvunjika upesi. Piga picha ya kifaa kikiwa kizima, shofa akiona. Hiyo peke yake inaleta uangalifu.

Anayekaa siku zote juu ya kiti kwa sababu miguu haisikii, asisahau vidonda vya matako. Kwa barabara ya mashimo vinaanza kwa saa chache. Kila nusu saa ao mbele ya hapo, jiinue na mikono kwa muda mfupi ao egemea upande mmoja kisha mwingine. Tafuta mto mzuri. Gunia lililokunjwa halitoshi.

Tuseme pia jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Wengi wenye ulemavu hawakunywi maji siku ya safari, juu ya kuogopa shida ya choo njiani. Wanafika wakiwa na kichwa kinachouma, na baadaye ugonjwa wa mkojo. Kunywa kidogo kidogo, beba chupa yenye mdomo mpana na kikwembe cha kujifunika, na sema kwa shofa mbele ya kuondoka kwamba utahitaji kusimama. Ukisema mapema mbele ya abiria wote, njiani hawatashangaa.

Kwa barieri

Kwa barieri nyingi za kwetu, abiria wa moto wanashuka na kupita na miguu. Kwa mwenye magongo, hiyo ni hatua nyingi mbele ya watu wenye silaha na wenye haraka. Mambo matatu yanasaidia. La kwanza, usifunge magongo ndani ya kikwembe ao gunia. Kitu kirefu kilichofungwa juu ya moto kinafanana na bunduki, na kwa mbali hakuna atakayengojea maelezo. Acha yaonekane. La pili, motari apunguze mwendo mapema na aseme yeye wa kwanza: “Chef, niko na mtu mwenye ulemavu.” La tatu, weka kitambulisho na karatasi ya muganga ndani ya mfuko wa kifua, ambapo mkono mmoja unafika bila kuachilia gongo lingine. Mwenye mguu wa bandia aseme kwanza, kisha apandishe suruali polepole kama wanataka kuona.

Usipange safari inayofika jioni. Wengine wakichelewa wanaweza kukimbia ao kulala popote, na wewe unahitaji saa za ziada. Ulizia hali ya njia jioni ya mwisho na tena asubuhi, kwa watu waliotoka huko siku ile. Kama majibu hayaeleweki, ngojea. Matanga yatakungojea.

Kwa ziwa na kwa ndege

Kasenyi na Tchomia, mara nyingi kupanda boti ni kuingia kwanza ndani ya maji. Kama utabebwa, wewe njo unafundisha wanaokubeba: mmoja chini ya makwapa, mwingine chini ya magoti, wote wainue pamoja. Usikubali kuvutwa mkono. Mguu wa bandia uvuliwe na uwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji. Vaa jile ya kuogelea kabla ya boti kutoka. Usikae juu ya kiti chako cha magurudumu ndani ya boti, na zaidi sana usijifunge kwacho, sababu boti ikipinduka kiti kitakuzamisha. Kaa chini, katikati, kiti kifungwe pembeni.

Asiyeona apewe kiwiko cha mtu mwingine ashike yeye mwenyewe. Kumvuta na fimbo yake ni kumnyang'anya macho. Aambiwe: “Hapa kuna hatua ya kushuka, mkono wako wa kushoto kuna mbao.” Maneno machache yanatosha.

Kwa ndege kutoka uwanja wa Murongo, sema hali yako siku ya kununua tikiti, usingoje siku ya safari. Mashirika ya ndege yanatumia alama tatu dunia nzima: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS kwa asiyeweza ngazi, na WCHC kwa anayehitaji kubebwa mpaka kwenye kiti chake. Omba alama inayofaa iandikwe kwa tikiti. Ndege ndogo zina mlango mdogo wa mizigo, kwa hiyo toa kipimo cha kiti chako mapema. Kama kina betri, sema ni ya aina gani. Andika jina na namba yako ya simu juu ya kila sehemu inayoweza kutoka.

Ukishafika

Familia inafurahi, inakupokea, na mara moja mtu mmoja anachukua magongo na kuyaweka “mahali pazuri” nyuma ya mlango. Kwa upendo wote, hapo umefungwa. Sema kwa upole lakini sema: “Mama, uyaache hapa karibu na mimi.” Usiku, kifaa kilale ambapo mkono wako unafika bila taa. Katika jimbo ambamo mamia ya maelfu ya watu wamekwisha kimbia nyumba zao, wengine zaidi ya mara moja, jambo hilo ni la uhai. Milio ikisikika, kila mtu anabeba kile alichoshika. Kwa hiyo patana mchana, bila kutisha watoto: nani atabakia na wewe, mtapitia wapi, nani atabeba kifaa. Kazi hiyo ipewe mtu mmoja kwa jina lake. Ikiachwa kwa wote, hakuna atakayeifanya.

Angalia choo na njia yake siku ya kwanza, mchana. Ubao mmoja juu ya mfereji, kamba ya kushika, kiti cha mbao chenye tundu, ni vitu ambavyo fundi wa kijiji anafanya kwa asubuhi moja.

Kikivunjika?

Kinga ya magurudumu matatu, fundi yeyote wa kinga anaweza kutengeneza mnyororo, freni na gurudumu. Chuma kikivunjika, mtu wa kuchomelea atakisaidia, mradi usimwache aongeze chuma kizito ao abadilishe namna unavyokaa. Mguu wa bandia ni jambo lingine. Usiuchomeleshe, usiutoboe. Tembea na gongo mpaka umpate mwenye ujuzi.

Na hapo safari ya vakansi inakutana na vita. Kwa miaka mingi, watu wengi wa mashariki waliokatwa mguu walielekea kituo cha Shirika la Umoja kule Goma, kilichosaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Kwa mtu wa Bunia, njia ya kupata mguu ao kuutengenezesha ikawa ndefu na ya bei kali zaidi. Ndiyo maana kupoteza kifaa juu ya gari leo ni hasara ambayo haiwezi kulipwa na “samahani” ya shofa.

Tusifikiri kwamba ni shida ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandika kunako mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 2,5 duniani wanahitaji kifaa cha msaada cha namna moja ao nyingine, na kwamba katika inchi zenye umaskini mkubwa wanaokipata wanaweza kuwa 3 tu kwa 100. Kwa hesabu hiyo, kila gongo linalofungwa chini ya magunia kwa parkingi ya Bunia ni kitu ambacho wengine zaidi ya thelathini wanakitafuta bila kukipata.

Kuna kitu cha kufanya vakansi hii hii, bila kungojea Kinshasa. Mashirika ya wenye kuishi na ulemavu yaende pamoja kwa ACCO na kwa mashirika ya taxi-moto na ombi moja lenye maneno machache: kifaa hakilipishwi, na mwenyewe anashuka nacho. Wakubwa wa polisi ya barabara na wa barieri wapewe ujumbe huo huo, na nakala ya sheria ya 2022. Wachungaji, mapadri na maimamu waseme neno moja siku ya ibada mbele ya watu kusafiri. Na kwa nyumba, siku mnapohesabu nani atakwenda Mahagi ao Kasenyi, msianze na kusema njia ni mbaya. Ulizeni kwanza: “Kinga yako, freni inashika?”